Rutuba ya udongo na hatima ya malisho Garissa

MTU asafiriye kwa barabara kutoka Mwingi hadi Garissa huona ardhi ikibadilika taratibu. Vilima vya Ukambani hubaki nyuma, udongo huwa mwekundu na wenye kichanga kingi, na migunga huanza kutawala pande zote mbili za barabara. Akivuka daraja la Mto Tana na kuendelea kuelekea Dadaab au Ijara, ni rahisi kudhani ameingia katika nchi isiyo na chochote isipokuwa jua na vumbi. Dhana hiyo ilikuwapo tangu enzi za ukoloni, wakati eneo hili lilipotawaliwa kama mpaka wa mbali usiostahili gharama, na haikutoweka baada ya Uhuru.

Wataalamu wa mimea wana picha tofauti kabisa. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti zilizounda Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zimo katika ukanda mkubwa wa uoto unaoenea hadi Somalia, Ogaden na Djibouti. Mwanabotania Frank White, katika ramani ya uoto wa Afrika aliyoiandalia UNESCO na iliyochapishwa mwaka wa 1983, aliuita ukanda wa Somalia na Masai. Pembe ya Afrika inakadiriwa kuwa na spishi 5,000 za mimea, na zaidi ya nusu yake hazipatikani kwingineko duniani. Miti inayotoa manemane na uvumba ndiyo maarufu zaidi. Jan Gillett, aliyepata kuongoza hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, alitumia miaka mingi kuichambua jamii hiyo ya miti, kazi ngumu kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka miti yenyewe haina jani wala ua.

Inakuwaje nchi kavu hivyo ikawa na mimea ya aina nyingi hivyo? Sehemu ya jibu imo chini ya miguu.

Udongo wa Garissa si wa aina moja. Wafugaji wa Kisomali hutofautisha carro guduud, yaani udongo mwekundu, na carro madow, udongo mweusi, na tofauti hiyo huongoza uamuzi wa mahali pa kupeleka ngamia, ng'ombe au mbuzi. Udongo mwekundu una kichanga kingi. Mvua ya kwanza ya Gu, ambayo huanza kati ya Machi na Aprili, huzama humo upesi, nyasi huchipuka baada ya siku chache, kisha hunyauka mapema. Udongo mweusi ni wa mfinyanzi. Huchelewa kuloa, hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuyanasa malori wakati wa mvua, lakini hushika maji na chumvichumvi za lishe kwa muda mrefu zaidi. Kichanga hakina uwezo huo. Lishe husombwa na maji kwenda chini, mbali na mizizi mifupi ya nyasi.

Kando ya Mto Tana kuna udongo wa tatu, tope lililoletwa na mafuriko kutoka nyanda za juu kwa karne nyingi. Hapo ndipo penye misitu myembamba ya kandokando ya mto, yenye mikoma na mti adimu wa Populus ilicifolia. Mwanajiografia Mwingereza Francine Hughes, aliyeichunguza misitu hiyo katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba mpangilio wake unategemea jinsi mto unavyofurika: kila spishi ina kimo chake juu ya maji na umri wake wa mchanga. Mabwawa ya kuzalisha umeme yaliyojengwa juu ya mto, likiwamo Masinga lililokamilika mwaka wa 1981, yamebadilisha mafuriko hayo na kuzuia sehemu ya tope lililokuwa likirutubisha bonde.

Kuna pia maeneo mapana ambako udongo wa chini umejaa chumvi na magadi. Mimea michache huvumilia hali hiyo. Waliopanga mradi wa unyunyizaji maji wa Bura, ng'ambo ya mto katika Kaunti ya Tana River, walilijua tatizo hilo kabla ya wakulima wa kwanza kuhamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini waliamini maji yangelitatua. Historia ya Bura, yenye pampu zilizokwama na mashamba yaliyotelekezwa, ni ndefu na ina sababu nyingi, na udongo ni mojawapo.

Swali kuu ambalo wanaekolojia wa mimea wamejiuliza kuhusu nchi kame ni hili: nyasi hukosa nini hasa, maji au lishe? Mtu wa kawaida atajibu maji. Hata hivyo, mwaka wa 1983 Waholanzi Henk Breman na C. T. de Wit walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao nchini Mali yaliyowashangaza wengi. Mahali panapopata mvua chache sana, kweli maji ndiyo kikwazo. Lakini mvua inapozidi takriban milimita 300 kwa mwaka, kinachozuia nyasi kukua ni upungufu wa naitrojeni na fosforasi. Maji yapo, lakini chakula cha mmea hakitoshi. Zaidi ya hayo, nyasi za sehemu kavu, ingawa ni fupi na chache, zina protini nyingi kuliko nyasi ndefu za sehemu zenye mvua, kwa kuwa lishe ile ndogo haijasambazwa katika majani mengi.

Mji wa Garissa hupata mvua ya kiasi cha milimita 300 hivi kwa mwaka. Uko basi katika mpaka huohuo, na mwaka mmoja kikwazo huwa maji, mwaka mwingine lishe. Kuelekea kusini, Ijara na Msitu wa Boni, mvua huongezeka na swali la lishe huwa zito zaidi. Hili linasaidia kueleza desturi ambayo maafisa wengi wa zamani waliiona kama ukaidi mtupu: mfugaji kuhamisha mifugo kutoka penye nyasi nyingi kwenda penye nyasi fupi mara tu mvua inyeshapo. Ng'ombe wake hufuata protini.

Lishe yenyewe haikusambaa sawasawa. Imejikusanya katika visiwa, na kisiwa cha kwanza ni mti. Katika miaka ya 1980 Joy Belsky, mwanaekolojia Mmarekani, akishirikiana na wenzake, alichunguza udongo na majani chini ya migunga na mibuyu katika Mbuga ya Tsavo Magharibi. Chini ya kivuli, udongo ulikuwa na mboji nyingi zaidi pamoja na naitrojeni, fosforasi, potasiamu na kalsiamu kuliko uwanja wa wazi hatua chache kutoka hapo. Joto la udongo lilikuwa dogo na maji yalizama vizuri zaidi. Katika sehemu kavu ya mbuga hiyo, nyasi na majani yaliyoota chini ya miti yalikaribia kuwa maradufu ya yale ya nje. Katika sehemu yenye mvua zaidi faida ilikuwepo lakini ilipungua. Mizizi ya mgunga huvuta lishe kutoka mbali na kuirudisha juu kupitia majani yanayodondoka. Ndege hulala matawini, wanyama hupumzika kivulini, na vyote hivyo huacha samadi. Anayekata mgunga uliosimama peke yake ili achome makaa hupoteza basi zaidi ya kivuli.

Kisiwa cha pili ni kichuguu. Mchwa huchimbua udongo wa mfinyanzi kutoka chini, hukusanya mabaki ya mimea na kuuacha mlima wao ukiwa na naitrojeni na fosforasi nyingi. Huko Laikipia, ambako majaribio ya muda mrefu ya malisho yaliyoanzishwa na Truman Young yamekuwa yakiendelea tangu mwaka wa 1995, Robert Pringle na wenzake walionyesha mwaka wa 2010 kwamba uhai wote wa mbuga, kuanzia miti hadi mijusi na buibui, huongezeka kadiri mtu anavyokaribia kichuguu.

Kisiwa cha tatu ndicho kinachomhusu mfugaji moja kwa moja, nacho ni boma. Kila jioni mifugo hurudi ikiwa na matumbo yaliyojaa majani ya maili nyingi za mraba, na usiku kucha huyaacha majani hayo mahali pamoja kwa umbo la samadi na mkojo. Familia ihamapo, hubaki duara lenye rutuba ambayo udongo wa kawaida wa nchi kavu haungeipata kwa karne. Robin Reid na Jim Ellis, waliofanya utafiti kusini mwa Turkana na kuuchapisha mwaka wa 1995, waligundua kwamba migunga michanga huota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa. Mbuzi hula maganda ya mgunga, mbegu hupita tumboni bila kuharibika, kisha huangukia katika udongo wenye lishe na unaoshika maji. Miti inayoonekana leo ikiwa imejipanga kwa duara ilipandwa na mbuzi, pasipo mradi wala mfadhili.

Umri wa jambo hili ni mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka wa 2018 kundi la watafiti lililoongozwa na Fiona Marshall, ambalo lilimjumuisha Purity Kiura wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa maboma matano ya kale huko Narok. Wafugaji waliyahama kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Hata hivyo udongo wake bado ulikuwa na fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayouzunguka, na viwanja hivyo bado huonekana kutoka angani kama madoa ya nyasi. Kwa miongo mingi wafugaji wa kuhamahama walishtakiwa kwa kuharibu ardhi. Ushahidi wa Narok unasema kwamba walisaidia kuitengeneza.

Faida hiyo, hata hivyo, ilitegemea kuhama. Boma lisilohamwa ni jalala la samadi, na hakuna kinachoota. Kuanzia miaka ya 1990 Garissa imeshuhudia familia nyingi zikitulia katika mabulla kandokando ya visima na barabara, baadhi zikiwa zimepoteza mifugo kwa ukame, nyingine zikitafuta shule, zahanati na usalama. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti hiyo. Mifugo huchota lishe kutoka mbali na kuileta kisimani siku baada ya siku, na hakuna kinachoirudisha. Ardhi iliyo karibu hukanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na ile ya mbali hudhoofika kidogo kidogo. Hakuna sababu ya kuwalaumu waliotulia, kwani haki ya mtoto kusoma haiwezi kupimwa kwa kilo za fosforasi. Lakini waliochimba visima mara chache waliwauliza wanaekolojia mifugo ingelala wapi.

Huenda msomaji akadhani kwamba rutuba ikiongezeka, mimea ya kila aina itaongezeka pia. Sayansi inasema sivyo. Jaribio kongwe kuliko yote juu ya suala hili lilianza mwaka wa 1856 huko Rothamsted, Uingereza, ambako sehemu za uwanja mmoja wa nyasi zimekuwa zikitiwa mbolea na nyingine kuachwa. Zile zisizotiwa chochote zimebaki na spishi nyingi, karibu 40. Zile zilizotiwa naitrojeni nyingi na kugeuka kuwa na asidi zimebaki na spishi mbili tatu. Palipo na lishe tele, mimea michache yenye nguvu hukua haraka, huzuia mwanga na kuifukuza mingine. Uhaba wa lishe huwapa wanyonge nafasi, na hii ni sababu mojawapo ya nchi kame ya Pembe ya Afrika kuwa na utajiri mkubwa wa spishi.

Mtafiti aliyelichunguza jambo hilo kaskazini mwa Kenya kwa makini ni Gufu Oba, mwanaekolojia Mkenya aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norway. Msingi wa utafiti mwingi wa eneo hilo uliwekwa na mradi wa nchi kame wa UNESCO na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ulioanza Marsabit mwaka wa 1976 chini ya Hugh Lamprey. Lamprey ndiye aliyetangaza mwaka wa 1975 kwamba jangwa nchini Sudan lilikuwa likisonga mbele zaidi ya kilomita tano kila mwaka, dai ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, baadaye hawakupata ushahidi wake. Fikra ya wakati huo ilikuwa kwamba malisho yangepona kama yangezungushiwa ua na mifugo kuzuiwa.

Oba, pamoja na Ole Vetaas na Nils Stenseth, walilinganisha malisho yaliyozungushiwa ua na yaliyo wazi, wakachapisha matokeo mwaka wa 2001. Wingi wa spishi uliongezeka kadiri majani yalivyoongezeka, lakini hadi kiwango fulani tu. Baada ya hapo ulishuka. Ua ulioachwa kwa miaka mingi bila mnyama kuingia ulijaa majani ya spishi chache, na mimea midogo ikatoweka. Ulishaji wa wastani, wenye vipindi vya kupumzisha ardhi, ndio uliohifadhi aina nyingi zaidi. Katika maandishi yake mengine Oba amesisitiza kwamba wafugaji huwa na majina na vigezo vyao vya kupima kila aina ya ardhi, na kwamba makadirio yao mara nyingi hukaribiana na ya wanasayansi wenye vipimo.

Kanuni hiyohiyo, kwamba rutuba na wingi wa spishi ni mambo mawili, ndiyo inayofanya mathenge kuwa mtihani mgumu. Mti huo, uliojulikana kitaalamu kama Prosopis juliflora na ambao wataalamu wa uainishaji sasa huuita Neltuma juliflora, ulitoka Marekani ya Kati na Kusini. Ulipandwa kwanza Bamburi, Mombasa, mwaka wa 1973 ili kufunika machimbo ya saruji, na baadaye ukapelekwa Hola. Mapema miaka ya 1980 ulifika Baringo. Nia ilikuwa njema: kuni, kivuli na kuzuia vumbi. Kwa udongo, mathenge ni kama mbolea, kwani bakteria wa mizizini mwake hunasa naitrojeni ya hewani, na mboji huongezeka chini yake. Mizizi yake hushuka kina kirefu mno. Jamaa yake mmoja huko Arizona, Marekani, alikutwa na mizizi mita 53 chini ya ardhi. Tatizo ni kwamba rutuba hiyo haiwanufaishi majirani. Gabriel Muturi wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, na wenzake walichunguza kingo za Mto Turkwel na kuchapisha mwaka wa 2013: mathenge ulipoingia, migunga ya asili ilidhoofika na majani ya chini yakapungua.

Kando ya Tana na kuzunguka kambi za Dadaab hali ni kama hiyo. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake matamu na kuzipanda mbegu kila waendako, kwa njia ileile iliyotumiwa na mgunga tangu kale. Serikali iliutangaza mti huo kuwa magugu hatari mwaka wa 2008, baada ya wakazi wa Baringo kuishtaki mahakamani. Tangazo halikung'oa hata shina moja. Wengine Garissa huchoma makaa yake na kujipatia riziki, na wangependa ubaki.

Si mathenge pekee unaosonga. Miti ya asili nayo imeongezeka kupita kiasi katika maeneo fulani, na anayeathirika zaidi ni hirola, swala asiyepatikana porini popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kenya na, pengine, mpakani mwa Somalia. Abdullahi Hussein Ali, mwanaekolojia mzaliwa wa Garissa aliyesomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, alitumia picha za setilaiti kupima mabadiliko hayo. Utafiti wake na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba miti katika makazi ya asili ya hirola ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tatu tangu katikati ya miaka ya 1980. Hirola hula nyasi, na hukwepa vichaka.

Sababu zinafungamana. Ndovu, wavunjaji wakuu wa miti, waliangamizwa na majangili kuanzia miaka ya 1970. Ng'ombe wengi mahali pamoja walimaliza nyasi, na pasipo nyasi hakuna moto wa kuchoma miche wala mizizi ya kushindana nayo kwa maji na naitrojeni ya udongo wa juu. Mgunga mmoja uliojitenga hurutubisha. Elfu moja zilizobanana huua nyasi zote. Wafugaji walioulizwa na watafiti walipendelea kupanda nyasi, kukata baadhi ya miti na kuhifadhi ndovu kuliko kupunguza mifugo yao, jibu ambalo halikupaswa kumshangaza mtu yeyote.

Hirola waliobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 500, ilhali katika miaka ya 1970 walikuwa maelfu. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1980 iliwaua wengi, na tangu hapo hawakuongezeka tena. Mwaka wa 2012 jamii ya Ishaqbini, wilayani Ijara, ilitenga eneo lenye ua wa kuzuia wanyama wawindaji na kuwaingiza hirola 48, ambao wamezaana.

Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya tafiti zilizotajwa hapa zilifanywa Tsavo, Laikipia, Turkana, Marsabit na Narok. Garissa yenyewe imechunguzwa kwa uchache. Mashambulizi ya kigaidi na operesheni ya kijeshi iliyoanzishwa katika Msitu wa Boni mwaka wa 2015 yaliwaweka watafiti mbali na msitu ambao, kwa wingi wa mvua na aina za udongo, huenda ukawa na spishi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kaunti. Setilaiti huhesabu miti, lakini haiwezi kuchota udongo wala kulitambua ua dogo linalochanua kwa siku tatu baada ya mvua.

Wakati huohuo udongo wa kaskazini umeanza kuwa bidhaa. Huko Isiolo, Samburu na Marsabit kuna mradi uliouza nje hati za kaboni inayodaiwa kuhifadhiwa ardhini kwa kupanga malisho vizuri zaidi. Mwaka wa 2023 shirika la Survival International lilipinga jinsi kaboni hiyo ilivyopimwa, na Verra, shirika linaloidhinisha hati hizo, likaanza kuukagua mradi upya. Mzozo wenyewe ni wa kiekolojia: je, wafugaji walikuwa hawana mpango wa malisho kabla ya mradi kuja?

Garissa bado inajitengeneza baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya mwaka wa 2020 na mapema 2023, kisha mafuriko ya El Nino yaliyofuata kabla ya mwaka huo kwisha. Ukame uliiacha ardhi uchi, na maji yakaikuta hivyo. Tabaka la juu la udongo, sentimita chache zenye karibu naitrojeni na mbegu zote za nyasi, ndilo lililosombwa kwanza. Katika Fafi na Ijara, vikundi vya wafugaji vinavyoshirikiana na mradi wa kuhifadhi hirola ulioanzishwa na Ali vimekuwa vikikusanya na kupanda mbegu za nyasi za kienyeji.